Mjadala: Likizo ya uzazi iwe miezi mitatu au sita, na nani atagharimia malezi baada yake?

Mleta mada (mhasibu, Donholm)

Kila suala la likizo ya uzazi linapozuka hapa Nairobi, wasemaji hugawanyika upesi katika kambi mbili: wanaotaka miezi mitatu ya sasa iongezwe iwe sita, na wanaoonya kwamba miezi sita itawafungia wanawake milango ya ajira. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya usambazaji, nina mtoto wa miaka mitano na ninatarajia wa pili. Kwa kuwa napanga likizo kwa mara nyingine, naona kambi zote mbili zinagombania sehemu ndogo ya jambo lenyewe, na ndiyo maana naomba tulijadili lote.

Nianze na sheria, maana wengi tunabishana bila kuisoma. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili, kinamtaka atoe notisi ya maandishi angalau siku saba kabla ya kuondoka, na kinamhakikishia kurudi katika kazi yake ileile au nyingine inayomfaa ambayo masharti yake si duni kuliko ya awali. Likizo yake ya mwaka, ambayo ni siku 21 za kazi, haipotei. Chini ya sheria iliyotangulia, mama alipewa miezi miwili na akiichukua alipoteza likizo ya mwaka huo, kana kwamba kujifungua ni kwenda kupunga upepo Mombasa.

Sasa tupige hesabu kama mama anavyoipiga. Akianza likizo wiki mbili kabla ya tarehe aliyopewa kliniki, na mtoto akichelewa wiki moja, anabakiwa na takriban wiki 10 za kukaa naye. Akiunganisha na zile siku 21, anafika kama wiki 14. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, yaani wiki 26, na kliniki zetu zinafundisha hivyohivyo. Zile wiki 12 zinazopungua ndizo wanazolilia watetezi wa miezi sita, na kilio chao kina msingi: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 61 ya watoto walio chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama pekee, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 60. Miaka minane imepita na tuko palepale.

Hata hivyo kuna swali ambalo sijasikia likijibiwa. Mtoto huingia PP1, darasa la kwanza la chekechea, akiwa na miaka minne. Likizo ya miezi mitatu ikiisha, mama mwajiriwa amebakiwa na miaka mitatu na miezi tisa ya kutafuta mtu wa kumwachia mtoto kila asubuhi, na tukipewa miezi sita kesho, pengo hilo litapungua hadi miaka mitatu na nusu. Bunge litabishana kwa miezi mitatu ya tofauti, halafu ile miaka mitatu na nusu ataachiwa mama, nyanya wa kijijini na yaya wa mshahara mdogo. Nimewaona wenzangu wakiacha kazi, na hakuna hata mmoja aliyeiacha katika mwezi wa nne. Waliiacha mtoto akiwa na mwaka au mwaka na nusu, yaya wa tatu au wa nne alipoondoka bila kuaga Jumatatu asubuhi.

Msimamo wangu basi ni huu. Gharama ya likizo iondolewe mabegani mwa mwajiri mmoja mmoja, ipelekwe katika mfuko wa pamoja. Na kabla ya kuongeza hata wiki moja, serikali na kaunti ziweke fedha katika vituo vya kulelea watoto ambavyo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuvilipia. Najua sehemu ya pili itawaudhi wengi. Karibuni.

Mwenye kiwanda cha uchapishaji, Industrial Area

Dada Mhasibu, nakushukuru kwa kumtaja mwajiri kama mtu mwenye mabega, maana katika mijadala hii sisi hutajwa kama wanyama wakali. Nina wafanyakazi 14, wanane wao wanawake. Mwaka uliopita wawili walijifungua wakipishana kwa wiki chache. Mmoja ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kukata karatasi, na hiyo si kazi ya kumfundisha mtu kwa siku mbili. Nililipa mshahara wake wote kama sheria inavyotaka, nikamlipa na mtu wa muda, na bado kazi za wateja zikachelewa. Sikulalamika, kwa sababu mke wangu naye ameajiriwa mahali na nisingependa mwajiri wake alalamike.

Ila tusidanganyane. Kampuni kubwa zinazotangaza likizo ya miezi minne au sita zina watu wa kujaza nafasi, na tena likizo hiyo inazisaidia kuwavutia wafanyakazi hodari. Mimi nikiambiwa nilipe miezi sita kutoka mfukoni mwangu, siku wanawake wawili watakapojifungua pamoja ndiyo siku nitakayofunga duka. Na nitasema jambo ambalo waajiri wenzangu hulitenda kimyakimya bila kulitamka: wakija waombaji wawili wenye ujuzi sawa, mmoja kijana wa kiume na mwingine bibi aliyeolewa juzi, mwenye biashara ndogo anamchagua yule wa kwanza, kisha anatafuta sababu ya kuandika kwenye faili. Sheria mkiirefusha bila kuigharimia, mtaongeza mafaili ya namna hiyo.

Wakili wa masuala ya ajira, Upper Hill

Bwana Mwenye Kiwanda amesema kweli kuhusu yanayotendeka, na ni vyema ieleweke kuwa yanayotendeka hayo ni kosa. Ibara ya 27 ya Katiba inataja ujauzito miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinarudia hivyo hata katika hatua ya kuajiri, na kifungu cha 46 kinasema ujauzito si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi. Tatizo ni ushahidi. Mwanamke asiyeajiriwa hajui aliyeajiriwa badala yake alikuwa na sifa gani, na ni nadra kesi ya namna hiyo kufika mahakamani.

Kwa wanaopanga likizo, naongeza jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 29 kinaeleza kwamba mwajiri akikubali kuirefusha likizo, au mama akiunganisha likizo ya ugonjwa, au kwa idhini ya mwajiri akiunganisha likizo ya mwaka kabla ya kurejea kazini, basi likizo ya uzazi itahesabiwa kuwa imekwisha siku ya mwisho ya nyongeza hiyo. Maana yake ni kwamba haki ya kurudi kwenye nafasi yako inakufuata hadi siku hiyo. Kwa hiyo ombi la kuunganisha likizo liandikwe pamoja na ile notisi, na idhini ipatikane kwa maandishi. Mazungumzo ya kwenye korido yamewaponza wengi.

Kuhusu mfuko, wazo hilo si la ajabu. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka kiwango cha chini cha wiki 14 na unaelekeza malipo yatoke katika bima ya jamii au fedha za umma, ili mwajiri asibebe peke yake gharama ya mfanyakazi wake kujifungua. Sisi tumefanya kinyume: tumempa mama haki, bili tukampelekea mwajiri.

Mwalimu wa shule ya msingi, Kasarani

Mimi napingana na dada Mhasibu, na nitasema kwa nini. Sisi walimu tulio chini ya TSC, tume inayoajiri walimu wa umma, tulipata siku 120 za likizo ya uzazi kupitia mkataba wa pamoja wa mwaka 2021 hadi 2025, kutoka siku 90, na akina baba wakapata 21 kutoka 14. Huo mwezi mmoja wa ziada unaouona mdogo ndio ulionitoa kwenye kilio. Mtoto wangu wa kwanza nilimwacha akiwa na siku 80 hivi; wa pili nilimwacha akiwa na zaidi ya miezi mitatu na nusu, ameanza kulala usiku, nami kidonda cha upasuaji kimepona sawasawa. Ukisema tusiongeze hata wiki moja kabla ya vituo kujengwa, unawaambia akina mama wangoje jambo ambalo huenda lisije katika maisha yao ya uzazi.

Pia usitarajie kwamba kituo kitanyonyesha. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka kila mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha au kukamulia maziwa, chenye mahali pa kunawa mikono, friji au kifaa cha kupozea, umeme wa pampu, meza ndogo na kiti cha kukalia vizuri, tena inampa mama mapumziko ya kunyonyesha yasiyozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Katika shule niliyokuwamo wakati huo, nilikamua maziwa ndani ya stoo ya vitabu, mlango nikiuegemea kwa mgongo. Nikimwuliza mwalimu mkuu habari za chumba, ananiuliza nami kama kuna darasa lenye nafasi. Na hakuwa na ubaya; darasa moja lilikuwa na wanafunzi 70.

Tena msidhani ni shule za umma tu. Agosti 2019, Zuleikha Hassan, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia na mtoto wake wa miezi mitano katika ukumbi wa Bunge la Taifa akaamriwa atoke. Huyo ni mbunge, katika jumba linalotunga sheria, miaka miwili baada ya Bunge hilohilo kupitisha Sheria ya Afya. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo kule Athi River atamwambia nini msimamizi wake?

Mleta mada (mhasibu, Donholm)

Mwalimu, hoja ya chumba cha kukamulia naikubali yote, na naona aibu kwa taifa kuwa na sheria nzuri kiasi hicho isiyo na mkaguzi. Mahali ninapofanya kazi chumba kilitengwa baada ya wanawake watano kuandika barua moja yenye sahihi zetu zote na kunukuu vifungu vya 71 na 72. Barua ya mtu mmoja ilikuwa imekaa kwenye droo ya meneja wa wafanyakazi kwa muda mrefu. Anayepanga likizo asisubiri kurudi ndipo aulize friji iko wapi. Aulize kabla ya kuondoka.

Lakini siku 120 zako zinalipwa na Hazina ya taifa, na ndiyo maana mwalimu mkuu wako hakukuhesabu kuwa mzigo ulipoajiriwa. Bwana Mwenye Kiwanda hana Hazina. Tazama wenzetu wa Rwanda. Tangu sheria yao ya mwaka 2016, mfanyakazi huchangia asilimia 0.3 ya mshahara na mwajiri asilimia 0.3, zinaingia katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwajiri hulipa wiki sita za mwanzo za likizo, mfuko unalipa zilizosalia. Mchango hutoka kwa wanaume na wanawake, wenye watoto na wasio nao. Kiwanda chenye watu 14, tuseme wanalipwa wastani wa shilingi 40,000, kina malipo ya mishahara ya 560,000 kwa mwezi; asilimia 0.3 yake ni shilingi 1,680. Kwa mwaka ni 20,160. Mfanyakazi mmoja wa mshahara huo akichukua miezi mitatu leo, mwajiri anatoa 120,000 kwa mkupuo, bila kumhesabu mtu wa muda.

Mwenye kiwanda cha uchapishaji, Industrial Area

Hesabu ni nzuri, ila umeniachia zile wiki sita za mwanzo. Hizo ni 60,000, juu ya mchango. Sikatai, nataka tu ziandikwe.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni makato. Mfanyakazi wangu leo anakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya ada ya nyumba za bei nafuu ambayo nami naongeza nyingine 1.5, halafu mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao umekuwa ukipanda hatua kwa hatua tangu 2023, na kodi ya mapato juu ya yote. Ukimletea mstari mwingine kwenye hati ya mshahara, hata kama ni shilingi 120, atauliza fedha hizo zitakaa wapi na nani atazila. Na mimi nitauliza mfuko utanilipa lini, kwa sababu tumezisikia hospitali zikidai bima ya taifa madeni ya miezi na miezi. Mama akijifungua, kodi ya nyumba haingoji mfuko ukague fomu.

Mlezi na mwenye kituo cha kulelea watoto, Mukuru kwa Reuben

Habari zenu. Nimewasoma kwa makini na nimeona mnazungumza juu ya watu wenye hati ya mshahara. Wanaoniletea watoto ni wafuaji nguo wa South B na South C, wauza mboga, na vibarua wa viwandani wanaoitwa asubuhi langoni wakachaguliwa au wakarudishwa. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini iko katika sekta isiyo rasmi, na kwa watu hao likizo ya uzazi ni kiasi cha akiba iliyo ndani ya kibeti. Nimewahi kuletewa mtoto wa wiki tatu. Mama alisimama mlangoni akaniambia kwamba asipoenda leo, mama mwenye nyumba anayemfulia atapata mwingine.

Nina watoto 22 na ninatoza shilingi 100 kwa siku, anayeweza. Ikifika katikati ya mwezi wengi wanaomba nivute subira. Kutokana na hizo ninalipa kodi ya vyumba viwili, uji na chakula cha mchana, maji ya mitungi, mkaa, na msichana wa kunisaidia. Sasa sikilizeni jambo ambalo dada Mhasibu hajaligusa. Mtoto wa miaka miwili anakula na wenzake, analala na wenzake, na mtu mmoja anaweza kuwaangalia wengi. Mchanga wa miezi mitatu anataka mikono yake peke yake. Nikipokea wachanga wanne, lazima niongeze mtu, na shilingi 400 zao hazimlipi mtu huyo. Kwa hiyo vituo vingi vinawakataa wachanga, au vinawapokea na kuwalaza chini mfululizo huku chupa imeegemezwa kwenye mto. Ukitaka vituo vya bei nafuu, basi mwache mtoto akae na mama yake mpaka aweze kuketi. Likizo ndefu ni msaada kwetu.

Kuhusu kaunti, Nairobi ilipitisha sheria ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Inataka tusajiliwe na tukaguliwe, na ni haki, kwa sababu mtoto si mzigo wa kuachwa stoo. Lakini mkaguzi akija huja na orodha ya mapungufu pekee. Akiniambia choo cha watoto kinatakiwa, naye anajua kwamba choo hapa kwetu ni cha ploti nzima, basi anisaidie kupata njia, au anifungie watoto 22 wafungiwe nyumbani na kufuli.

Mleta mada (mhasibu, Donholm)

Mama, hoja ya wachanga imeninyoosha vizuri, na inaniongoza kwenye mpangilio huu: likizo ilinde miezi sita ya mwanzo, kituo kichukue kuanzia hapo. Kwa hiyo mwalimu na mimi hatuna tena ugomvi juu ya wiki, ila bado nashikilia kwamba likizo isirefushwe kabla mfuko haujaanza kulipa.

Na fedha za umma zikienda vituoni hazipotei. Utafiti uliofanywa Korogocho, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2019 uliwapa baadhi ya akina mama vocha za kulipia malezi ya watoto wao katika vituo vya mtaani. Waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi kuliko wasiopewa, kwa tofauti ya pointi 8.5 za asilimia, na walionufaika zaidi kwa kupata kazi ni wale walioolewa. Akina mama wanaolea peke yao wengi tayari walikuwa wakifanya kazi kwa kukosa budi. Wao walipopata vocha walihamia kazi zenye saa za kueleweka bila mapato yao kushuka. Kwangu hilo la pili lina uzito kama la kwanza. Mama anayejua atafika nyumbani saa kumi na mbili anaweza kupanga maisha, na anayefanya zamu ya usiku kwa sababu jirani hukubali kumlaza mtoto usiku pekee hawezi.

Baba wa mapacha, Ongata Rongai

Kwa ufupi. Nilipewa wiki mbili, na siku nne kati yake zilikwisha hospitalini. Sheria yetu haimwongezei hata siku moja mama aliyejifungua mapacha, wakati Tanzania inatoa siku 84 kwa mtoto mmoja na 100 wakizaliwa zaidi ya mmoja. Mkiunda mfuko, wekeni na mwezi mmoja wa baba ambao asipouchukua unapotea, usihamishike kwa mama. Bwana Mwenye Kiwanda akijua kwamba hata yule kijana wa kiume ataondoka mwezi mzima mkewe akijifungua, ule uchaguzi wake wa kwenye faili utakosa maana.

Mwenye kiwanda cha uchapishaji, Industrial Area

Hapo umenibana, Bwana. Mwezi ni mwingi, lakini mantiki nimeiona.

Yaya, Kileleshwa

Nimesubiri nione kama nitatajwa. Nimetajwa mara mbili: mara ya kwanza kama yaya wa mshahara mdogo, mara ya pili kama yaya aliyeondoka bila kuaga. Naomba niwaeleze kwa nini mtu huondoka bila kuaga. Ukimwambia mama mwenye nyumba kwamba unaondoka mwisho wa mwezi, wengine huzuia mshahara wa mwezi huo. Kwa hiyo unangoja ulipwe Jumamosi, na Jumatatu haupo. Anayetaka kuagwa alipe kwa tarehe na aandike mkataba.

Nimelea watoto katika nyumba tatu. Mtoto wangu mwenyewe analelewa na mama yangu Busia. Katika nyumba ya pili nilishika mimba, nikaambiwa kwa upole kabisa niende nyumbani nikapumzike, nikapewa nauli na nguo za mtoto, na nilipopiga simu baada ya kujifungua nikaambiwa nafasi ina mtu. Nilimshukuru, kwa kuwa nilidhani amenifanyia hisani. Leo ndipo namsikia wakili akisema haki ya kurudi. Wakili, kifungu hicho cha 29 kinanihusu mimi pia, au ni cha wanaofanya kazi ofisini?

Wakili wa masuala ya ajira, Upper Hill

Kinakuhusu kikamilifu, dada. Sheria ya Ajira haimtofautishi mfanyakazi wa nyumbani na wa benki katika jambo hili: miezi mitatu kwa mshahara kamili, siku 21 za likizo ya mwaka na haki ya kurudi kazini ni zako. Kima cha chini cha mshahara nacho kinakuhusu; kuanzia Novemba 2024, kwa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Na niwaambie wasomaji wenzangu wa tabaka langu, ambao wengi wetu tunadai haki kazini na kuinyima jikoni: mwenye kuajiri yaya ni mwajiri, kama Bwana Mwenye Kiwanda alivyo mwajiri.

Mleta mada (mhasibu, Donholm)

Niliposema mfuko, nilikuwa nikifikiria hati za mshahara za kampuni, lakini mfuko usiomfikia dada huyu utakuwa umemlipia likizo mama mmoja kwa kumnyima mwingine. Napendekeza mfanyakazi wa nyumbani aingie tangu mwanzo, mwajiri wake achangie asilimia 0.3 kama wengine, na zile wiki za mwanzo zilipwe na mfuko badala ya mwajiri, kwa sababu familia inayomlipa yaya kutoka katika mshahara mmoja haiwezi kumlipa aliye likizo na anayeshika nafasi yake kwa pamoja. Hilo litaongeza gharama ya mfuko na lazima lihesabiwe. Kwa mshahara wa 16,113.75, asilimia 0.3 ni shilingi 48 na senti kidogo kwa mwezi kutoka kwako, na kiasi hichohicho kutoka kwa mwajiri wako. Dada, ungekubali kukatwa?

Yaya, Kileleshwa

Shilingi 48 natoa hata leo. Lakini mtakata kutoka mshahara upi? Mimi sifiki hizo 16,000, na huku kwetu hakuna hati ya mshahara. Nalipwa kwa simu, mwezi mwingine kwa vipande viwili. Sijaandikishwa NSSF wala bima, na yaya ninaokutana nao tukipeleka watoto kucheza wako hivyohivyo. Kabla ya kuniuliza kama nakubali kukatwa, waulizeni wanaotuajiri kama watakubali kutuandikisha, na mseme ni ofisi gani itakayobisha mlango wa nyumba ya Kileleshwa kuwauliza.

Mleta mada (mhasibu, Donholm)

Mimi ni mmoja wao. Yaya wangu namlipa zaidi ya kima hicho, ila sijamwandikisha popote. Kuhusu ofisi, maafisa wa kazi wana mamlaka ya kukagua sehemu za kazi, lakini sijawahi kusikia mmoja amefika kwenye fleti. Wakili, afisa wa kazi anaruhusiwa kuingia katika nyumba ya mtu kukagua mkataba wa yaya, au tutahitaji njia nyingine, kwa mfano mwajiri kuwasilisha mkataba huo anapojaza ripoti yake ya kodi ya kila mwaka? Naomba tuendelee kutoka hapo.